Picha ya Thelathini na Moja

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limepunguza ukorofi. Mimi ni wa leo si wa kesho; muuguzi ananigeuza kama godoro la kuanikwa. Lakini mkono ungali unashika kalamu, basi niseme kabla haujakataa. Kwa miaka kumi na minane nimekuficha ukweli kuhusu taa ya ngazini, siku ile aliyoanguka Mama.

Unakumbuka nilivyostaafu ualimu nikanunua darubini ndogo na kamera yake. Mama aliiita mkwe wake. Akinikuta naipangusa, alikupigia simu kukuambia kwamba kaka yako ameoa tena, mke hali wala hanuni, kasoro yake ni moja tu, hapiki. Kila jioni isiyo na mwezi nilimpandisha huyo mkwe ngazi kumi na saba hadi juu ya paa, kutafuta vitu visivyoonekana kwa macho: makundi ya nyota yaliyo mbali mno, hafifu kama pumzi iliyobaki kwenye kioo.

Nikueleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hutanielewa. Kwa kitu hafifu namna ile, picha moja haitoshi. Unaiacha kamera wazi dakika tatu, hugusi kitu, hupigi hata hatua, kwani paa likitikisika nyota zinaburura mikia. Kisha unapiga nyingine, na nyingine. Mwishowe kompyuta inazilaza zote moja juu ya nyingine: kilichomo katika kila picha kinakolea, kilichopita mara moja tu kinafutwa kama uchafu. Na adui wa kazi hii ni mwanga. Taa ya ngazini ilimwagika hadi mlango wa paa. Nikiizima, Mama anaiwasha. Alisema watu wote wanatafuta mwanga, ni mwanawe tu anayetafuta giza.

Jumatano taa iliungua. Ukaja na balbu mpya, ukapanda stuli, ukaifunga mwenyewe. Alhamisi mbingu ilikuwa safi kuliko siku yoyote ya mwaka ule. Nikiwa njiani kupanda, niliizungusha balbu yako mara mbili, ikalegea. Nilijiambia nitaikaza nikishuka.

Yaliyofuata uliyaona ulipoitwa ukafika. Mama alikuwa ananiletea sweta. Jirani yetu fundi umeme aliigusa ile balbu, ikawaka, akasema aliyeifunga hakuikaza. Ukasema ni wewe, ukaketi kwenye ngazi ya chini kabisa. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako. Sikufungua mdomo.

Tangu hapo wanao wanakutania kwamba huwezi kulala nyumba ya watu kabla hujakaza balbu zote. Mwaka juzi moja ilikupasukia kiganjani. Ulinionyesha kovu, nikakuambia pole. Pole, mimi!

Uliikaza, mdogo wangu. Mkono wako hauna kosa.

Na ile picha niliyokuletea ikiwa na fremu, ambayo shemeji huwasifia wageni sebuleni, ndiyo ya usiku ule. Niliitengeneza mwezi mmoja baada ya mazishi. Ni safi. Lakini picha moja moja nilizihifadhi, na ya thelathini na moja, ya mwisho, ina utando wa mwanga pembeni: ni tochi ya Mama ikibingirika. Kompyuta iliufuta, kwa kuwa ulipita mara moja tu. Kwangu haujapita. Hata humu chumbani, taa zote zikiwa zinawaka, nasikia swichi ikibonyezwa, ta, ta, ta, kama mtu anayejaribu tena na tena.

Nisalimie shemeji na wanao wote. Picha iteremsheni ukutani, mkaifanye mtakavyo. Nimetanguliza salamu kwa sababu, baada ya neno lililobaki, sitakuwa na uso wa kumsalimu mtu.

Niliwaambia wote kwamba sikusikia kitu, kwamba nilimkuta wakati nashuka. Niliisikia swichi, nikanyamaza, nikijua kwa nini haiwashi. Nilikisikia kishindo. Kisha Mama akaniita, kwa jina lile alilonipa utotoni, wala hakupaza sauti. Picha ya thelathini na moja ilikuwa imeanza punde tu. Mwanga niliokuwa nausubiri ulikuwa umesafiri miaka milioni ishirini, nami nikaogopa kutikisa paa. Akaniita mara ya pili. Nilisimama pale pale, pumzi nimeibana, hadi dakika tatu zilipotimia, ndipo nikashuka. Alikuwa bado na joto, lakini hasemi.

Kaka yako