Watoto wa Nje ya Ukuta

Etterbeek, Bruxelles

Mjukuu wangu Furaha,

Sisi wazima, maman yako amepata kazi ya kutunza wazee. Unauliza kwa nini katika kijiji chenu huko Irlande watoto waliokufa bila ubatizo walizikwa nje ya ukuta wa makaburi. Bon, swali lako limenipandisha hasira wiki nzima.

Huko kwetu nyumbani, nilipokuwa mtoto, mdogo wangu aliishi siku mbili tu. Katekista alisimama langoni mwa makaburi: "Mutoto hana ubatizo, hawezi kuingia."

Mama akamjibu, "Basi na mimi siingii tena kwenu."

Tulimzika kando ya barabara. Kila Jumapili, misa ikiimbwa, mama alikaa pale, mpaka alipokufa.

Mimi bado ninasali, lakini sijasamehe. Nenda kwa watoto hao, uwasalimie kwa sauti, wanakijiji wasikie.

Koko yako