Santuri ya Kuku wa Mama

Jumanne, 10 Juni 2025

Baridi kali. Koti halikutosha, nikaongeza shuka.

Leo mtambo umetoa sauti! Hassani ameufunga katika karakana yake ya redio, juu ya jiwe zito. Chini sahani ya plastiki inazunguka kwa mota ya gramafoni mbovu. Juu yake sindano ya cherehani, tuliyoinoa wenyewe, inaichonga ikitikiswa na spika ndogo. Chuma kirefu chenye hesi kama skrubu kinaisogeza sindano kutoka ukingoni kwenda katikati. Basi. Hiyo ndiyo santuri.

Nilisema kwenye maikrofoni: moja, mbili, tatu. Tulipoicheza ikasema: moja, moja, moja, moja.

Hassani akasema, "Mwalimu, hata mtambo unakuogopa. Hauthubutu kwenda mbili bila ruhusa."

Nilimfundisha darasa la sita. Redio zilimwingia. Adabu haikumwingia.

Niandike sababu ya kazi hii, nisije nikaipamba baadaye. Mwezi Machi upepo uliezua ghala la dada yangu Fortunata kule Mpitimbi. Santuri zake zote zilikaa juani siku tatu, zikapinda kama majani ya mgomba. Gramafoni yake ya betri ilisalimika, lakini haina cha kucheza. Dada haoni, mwaka wa tisa sasa. Tulimpa simu iliyojaa nyimbo. Akaipapasa, akairudisha. Akasema ni kioo tu, hakina mlango wa kuingilia. Santuri anaisoma kwa vidole: ukingo, mifuo iliyochongwa na sindano, tundu.

Jumamosi tarehe 28 binti yake Noela anamchukua akaishi naye Nalasi. Dada ana miaka themanini na moja, mimi sabini na sita. Sijidanganyi kuhusu safari za kutembeleana. Ameomba kitu kimoja: wimbo wa Mama wa kutwangia, aende nao. Yeye anakumbuka nusu. Mimi nakumbuka nusu.

Alhamisi, 12 Juni

Kosa la "moja, moja" limepatikana. Hesi zilijaa grisi kuukuu, nati ikawa inateleza. Sindano haisogei, inachonga mfuo uleule. Nimesugua hesi kwa mswaki na mafuta ya taa, saa mbili nzima. Mswaki wangu.

Mke wangu Getruda amesema mtambo sasa una meno safi kuliko mwenye mswaki.

Lakini umefika tatu! Hata nne!

Jumapili, 15 Juni

Misa ya kwanza. Mahubiri marefu, mpangilio hafifu.

Jana tulichonga "Baba Yetu", nikisoma mimi. Ilisikika kama paka ndani ya debe. Hassani analaumu sindano. Ameinoa mara tatu. Paka yumo.

Jumanne, 17 Juni

Paka ametoka! Aliyemtoa ni Getruda, tena bila kunyanyuka kigodani. Nilimweleza plastiki inavyolia ikichongwa. Akaniuliza kama tunaichonga ikiwa ya baridi. Nikasema ndiyo, Juni hii kila kitu ni cha baridi. Akashangaa wanaume wawili wazima! Mbona hata mafuta ya mgando hupashwa kwanza ndipo yapakwe?

Tukaiweka sahani juu ya mfuniko wa sufuria ya maharage, muda wa rozari moja. Sindano ikapita kimya. Uzi mweusi wa plastiki ukawa unatoka mwembamba kama unywele.

Dosari imebaki moja. Sauti yangu inatetemeka. Hassani akasema kwa heshima zote kwamba huo si mtambo, huo ni uzee. Nikamwambia sauti hii ilinyamazisha madarasa yenye watoto tisini. Akajibu, "Ndiyo Mwalimu, lakini mwaka gani?"

Jumapili, 22 Juni

Baada ya misa nilipitia karakana. Hassani alikuwepo. Tukachonga "Baba Yetu" tena, kujaribu tu.

Haitetemeki! Imenyooka kama mstari wa rula. Nilimfanya Hassani aisikilize mara nne. Nikamwuliza uzee umekwenda wapi. Akaicheza mara ya tano.

Nimekula ugali mara mbili.

Jumatatu, 23 Juni

Inatetemeka.

Jumanne, 24 Juni

Tumebadilisha mkanda wa mota. Inatetemeka. Tumetumia betri ya gari badala ya umeme. Inatetemeka. Nimekunywa maji ya tangawizi na asali. Inatetemeka.

Siku nne zimebaki. Dada anafika kesho, na sina wimbo, nina kitetemeshi.

Jumatano, 25 Juni

Siku kubwa!

Dada alishuka stendi saa nne, Noela amemshika mkono. Amekonda. Nikamwamkia, shikamoo Dada. Akasema marahaba mlongo, ndugu yangu, akanipapasa uso, akasema masikio yanaendelea kukua. Noela akageuka pembeni acheke. Hakutaka kupumzika. Alitaka kwanza "kuonana na mashine".

Karakana ilikuwa inafanya kazi. Hassani alimwongoza mkono juu ya kila kitu: mota, sahani, chuma chenye hesi. Alipofika kwenye jiwe la chini akatulia. Kiganja chote kikalala pale.

"Hassani baba, hili jiwe lina homa?"

Hatukuelewa.

"Linatetemeka. Nani anasaga karibu?"

Nani anasaga! Ukuta wa karakana na ukuta wa mashine ya kusaga ya Twaha ni mmoja! Msimu huu wa mavuno mashine inanguruma tangu alfajiri hadi saa nne usiku. Sisi tumeuzoea mngurumo, hatuusikii tena. Jumapili asubuhi mashine hufungwa. Ndiyo maana uzee wangu ulipona Jumapili!

Wanaume wawili tuna macho manne. Hatukuona kitu.

Alhamisi, 26 Juni

Kuhamisha mtambo haiwezekani. Jiwe lile tulilisawazisha kwa pima maji siku nne. Kumsubirisha Dada hadi saa nne usiku pia haiwezekani, yeye hulala na kuku. Hassani alishauri tumrekodi Dada kwa simu jioni, tuchonge usiku mashine ikizimwa. Dada amekataa. Haimbii kioo.

Nikaenda kwa Twaha. Foleni ya akina mama ilifika barabarani, kila mmoja na ndoo yake. Nikamwomba azime nusu saa tu. Akanionyesha foleni kwa kidevu.

"Mwalimu, nikizima sasa hivi hawa watanisaga mimi."

Mama mmoja akadakia kwamba ningekuwa mgumu kusagika. Wakacheka foleni nzima. Sikucheka. (Nyumbani nilicheka.)

Lakini Twaha ni mtu mwema. Akasema kesho Ijumaa anafunga saa sita kamili kwenda msikitini, anarudi saa nane kasoro. Hapo kimya chote ni changu.

Nilimpelekea Hassani habari nikikaribia kukimbia. Akanitazama, akasubiri nifikiri. Nikafikiri. Hassani naye huenda msikitini.

"Basi kesho utachonga wewe, Mwalimu."

Nimeandikiwa hatua tisa kwenye karatasi. Nikamrudishia aipe namba na nukta. Amezitia. Nimezikariri mara sita. Mkono wangu wa kulia si mwepesi siku hizi. Getruda amesema mkono huo umesahihisha madaftari ya nusu ya mji, hauwezi kushindwa na sindano.

Ijumaa, 27 Juni

Saa sita kamili Twaha alizima. Kimya kilishuka kama mtu ametua mzigo. Hassani alikuwa amekwisha kuvaa kanzu. Akanikabidhi ufunguo wa karakana, akasema, "Leo mwanafunzi ni wewe." Nikaupokea kwa mikono miwili.

Tuna sahani mbili tu. Getruda alileta jiko na sufuria yake, maharage na yote. Dada alikaa kitini mbele ya maikrofoni, ameshika kinu kidogo na mchi, kwa sababu wimbo hautwangwi hewani. Noela alishika brashi ya kufagia uzi wa plastiki.

Sahani ya kwanza. Nilisoma hatua moja moja, na kila moja nikaitia alama ya vema. Dada aliimba ubeti wake, nikaimba wangu, tukamaliza vizuri ajabu. Noela akanong'ona kwamba hajafagia kitu. Sahani ilikuwa safi kama ilivyotoka dukani. Hatua ya tano: shusha sindano. Niliitia vema, sikuitenda!

Miaka thelathini na nane nimewakata watoto alama kwa kosa hilihili.

Dada alicheka hadi mchi ukaanguka. Tukaanza upya.

Sahani ileile, imepashwa tena. Sindano ikashuka. Uzi ukatoka. Dada akaanza kutwanga na kuimba, sauti nyembamba, iliyonyooka. Sauti ya Mama kabisa. Nikaona ua letu, nikaona pumba zinapeperuka. Kisha Dada akaimba ubeti wa kuku kuchinjwa kabla ya ubeti wa mgeni kufika. Nikasema — Mungu anisamehe, nilisema kwa sauti ya darasani:

"Siyo hivyo! Kuku anachinjwaje na mgeni hajafika?"

Naye, bila kuacha kutwanga:

"Mama alikuwa anamsikia mgeni tangu mtoni!"

"Mgeni kwanza, Dada!"

"Wewe ulikuwa mgongoni umelala, mlongo! Utajuaje nani alitangulia?"

Getruda kwa nyuma akauliza kuku huyo ataiva lini. Noela akashindwa kujizuia. Na sindano inachonga, inachonga, mpaka katikati.

Yote yamo! Tumeicheza kwenye gramafoni yake. Kinu, Mama, mimi nikifoka, kuku, kicheko cha Noela. Hakuna mtetemo hata chembe. Nikasema tuitupe, imebaki sahani moja, tuifanye kwa usahihi. Dada ameshaitoa kwenye gramafoni. Vidole vyake vimepita juu ya mifuo mpaka mahali mifuo inapochafuka, akagusa hapo, akarudia kugusa. Akasema, "Hapa ndipo unaponigombeza." Ameifunga ndani ya kitenge. Hairudishi.

Basi ya pili ndiyo ya usahihi. Ninaandika haya sahani ikipata joto juu ya maharage. Saa nane kasoro dakika kumi. Hassani amerudi na kanzu yake, amekaa pembeni, hagusi kitu. Twaha naye amerudi. Foleni ya akina mama imehamia mlangoni kwetu, ndoo kichwani, wanachungulia. Mmoja amemwuliza Twaha mbona hawashi. Twaha amemwambia anyamaze.

Getruda anasema sahani iko tayari. Nimeshusha sindano hewani mara mbili, kujaribu. Mkono umetulia.

Dada ameshika mchi. Anasema safari hii nianze mimi.

Nimemwuliza tunaanza na yupi, kuku au mgeni. Anatwanga tu, anacheka —