Nyimbo Ndani ya Majalada

3 Machi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Binti yangu, pokea salamu zetu. Hatujambo, ila goti la mama yako linamsumbua. Wewe afya yaendeleaje?

Nimesikia umeiacha sheria na sasa unasomea Afrika. Jirani yetu fundi saa ameniuliza, "Mwalimu, mtoto kavuka maji kwenda kusomea alikotoka?" Nilicheka naye. Msikitini ningali nasema unasomea sheria. Irudie, nisije nikaonekana mwongo.

Baba yako

20 Machi

Baba, shikamoo. Mimi mzima. Mama mpe pole ya goti.

Shahada hii inakusanya historia, lugha, ardhi na muziki; mwalimu wa ramani na mwalimu wa nyimbo hukaa darasa moja. Nilipotaja kwamba bibi, mama yako, aliandika nyimbo zake daftarini kwa herufi za Kiarabu, wote wawili waliweka kalamu chini. Tasnifu yangu itahusu daftari lile. Naomba picha za kurasa zake kabla ya Juni. Sina kazi nyingine ya kuwasilisha.

Na msikitini, Baba, nisemee kweli.

Mwanao

9 Juni

Baba, shikamoo. Mko wazima? Sijapata jibu. Nimeongezewa muda hadi Septemba, basi.

Mwanao

19 Agosti

Kwa jina la Mola asiyefichwa jambo. Binti yangu, salamu. Tu wazima, kilichonichelewesha ni aibu.

Daftari halipo. Wakumbuka nilivyokuwa nikijalidi vitabu vya wanafunzi wangu wa chuo cha Qurani. Mwaka mmoja gundi ilikuwapo, karatasi hapana. Nikalichana daftari la mama yangu, nikazibandika kurasa ndani ya majalada. Nilijiambia: ni nyimbo tu, si elimu.

Tangu Juni nazunguka kwa niliowafundisha, sasa watu wenye mvi, nikiomba vitabu vyao vya zamani. Kila mlango huniuliza sababu, nami hujibu: binti yangu anasomea Afrika, na mimi niliichana. Msikitini nimesema hivyo hivyo. Fundi saa ndiye anayebandua, kwa mvuke wa birika na koleo zake ndogo. Juzi akasema, "Kumbe mtoto kavuka maji kutafuta ulichobandika wewe." Safari hii sikucheka.

Tumepata kurasa kumi na moja. Picha zimo katika bahasha hii. Moja si wimbo. Mama yangu ameandika: "Hizi namwachia mwanangu, maana yeye amesoma." Sitakuficha: siku ile niliusoma mstari huo, kisha nikaupaka gundi.

Liandike hilo katika tasnifu yako, na jina langu uliweke.

Mola aibariki kalamu yako, aitie nuru nyumba unayolala, na amrehemu kila atakayezisoma kurasa hizi, pamoja na aliyezichana.

Baba yako