Joka Lenu Tumeliua

Nyumbani, mezani kwa cherehani
Jumapili alasiri

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako. Hujambo huko kazini? Kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimeisha, au bado unajikaza tu? Sisi ni wazima. Baba yako magoti yanamsumbua kwenye ngazi, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote.

Sasa kaa vizuri. Joka lenu limekufa. Lile la kwenye gemu, lililowashinda wewe na dada yako tangu mkiwa shuleni, tumeliua Ijumaa, mimi na yeye. Ndiyo, mimi niliyekuwa nikichomoa waya wa televisheni ili mkalale.

Ulipoondoka, dada yako alinyamaza. Akitoka saluni anakula, anawasha ile mashine yako kuukuu, anakwenda peke yake hadi kwa joka, anauawa, anazima, anaingia kulala. Ukimuuliza kitu anajibu kwa kichwa. Iliniuma sana. Padi yako ya kuchezea ilikuwa bado sakafuni ulipoiacha, basi siku moja nikaweka kando gauni la mteja, nikaiokota, nikakaa.

"Mama, unafanya nini?"

"Nacheza. Nionyeshe pa kubonyeza."

Shujaa wako wa upanga, dada yako alinikataza hata kumgusa. Akanipa mchawi mwenye ndevu na fimbo. Mwanzoni nilikuwa nagonga kuta tu, lakini unajua skrini ni moja, mmoja akibaki nyuma mwenzake hasogei. Ikabidi anirudie kila mara. "Mama, si huko, huko ni shimo. Mama, dawa umeinywea nini na wewe ni mzima?" Baada ya kimya chote kile, nilifurahi kugombezwa. Taratibu akaanza kunisimulia na mambo ya saluni.

Jirani muuza mkaa alimsikia dirishani akisema, "Mchawi ni mama," akapita bila salamu. Tumemweleza, ingawa sidhani kama ameridhika.

Mashine nayo imezeeka, haisomi diski mpaka ilazwe kifudifudi. Baba yako ndiye aliyegundua, na hakuna mgeni anayeondoka bila kusimuliwa.

Basi Ijumaa joka lilikuwa limebakiza uhai kidogo, likamtemea dada yako moto, akaanguka. Ukianguka mle, mwenzako lazima asimame juu yako mpaka uinuke, na akisimama hapigani wala hakimbii. Dada yako akashusha mikono. "Basi, Mama. Kimbia, angalau wewe upone." Nilichomjibu sitakiandika. Nikamkokota mchawi wangu hadi pale, nikabonyeza, nikashikilia. Moto ukaja na dawa zikaisha, lakini sikuachia. Dada yako akainuka, akalimaliza. Alipiga ukelele hadi baba yako akatoka bafuni na povu kichwani.

Najivunia, wala sifichi. Nimewaambia wateja wote, hata mwalimu aliyeleta sketi kupunguzwa. Lakini najivunia zaidi huyu binti anayeimba tena akiosha vyombo.

Kuna jambo moja. Kadi ya kumbukumbu imejaa. Ili ushindi wetu uhifadhiwe, gemu ilitaka tufute kitu, na kikubwa kilichokuwemo ni shujaa wako. Dada yako aliniangalia, nami nikamwangalia. Tukazima bila kufuta kitu.

Kwa hiyo joka liko hai tena, na ushahidi pekee ni neno letu. Ukija likizo, shujaa wako utamkuta ulipomwacha. Usikimbilie mbele kama kawaida yako. Ukianguka, nitasimama hapo hapo.

Baba yako anakusalimu, dada yako pia, na shangazi yako anasema umpigie simu. Msalimie mwenzako mnayeishi naye chumbani. Mungu akulinde uendako na urudipo.

Wako akupendaye daima,
Mama
(mchawi wa nyumba hii)