Raba Mpya na Kibubu Kizima

Nasma, mke mwenzangu,

Nimeenda Feri kununua samaki. Wali upo kwenye hotipoti. Maji yakitoka, jaza ndoo zote.

Asubuhi nilipoona raba mpya miguuni mwako, nilikufokea kwamba umevunja kibubu chako cha hela za kununulia cherehani. Ukatoka bila chai. Nikainama uvunguni kukitazama: kizima, misumari yote ipo, na kizito hakinyanyuki kwa mkono mmoja! Shangazi yako Tatu ndiye aliyenieleza: ukisuka wateja, hela ya kichwa cha kwanza inaingia kibubuni, ya kichwa cha pili unatumia.

Kitendawili! Kina mdomo, kinameza, hakitafuni. Ndicho hicho kibubu. Mimi ujanani nilikuwa nakilisha kila senti, halafu nikishikwa na hamu ya soda nakivunja chote. Wewe umenishinda akili, mwanangu. Nisamehe.

Jioni unisuke, nitakulipa kama mteja. ~~Hela hiyo itie kibubuni.~~ Hapana, kanunue chipsi ule. Na hizo raba zimekupendeza, hasira tu zilinizuia kusema.

Bibi yako