Kengele Moja kwa Foleni Zote

Baba Shiku,

Nimechoka. Nilitaka kuanza na salamu, nikuulize huko kukoje, lakini wewe hukupenda maneno mengi kabla ya kazi. Basi nasema hivyo tu: nimechoka hadi naketi mezani nasahau niliketi kufanya nini. Juzi nilipita kliniki hapa Bahati kwa sababu kichwa hakiniachi. Nesi akanipima presha, akapima tena mkono wa pili, akaniuliza nina miaka mingapi. Halafu akaniangalia kwa huruma fulani. "Wewe si ndiye ulikuwa unafanya kazi na Baba Shiku?" Ndiye mimi. Akasema nisipojipunguzia kazi nitakufuata.

Nikarudi nyumbani nimekasirika. Si na nesi. Na wewe.

Unajua simu yako ninayo mimi? Siku ya kukuzika kule Dundori ililia ndani ya mkoba wa Mama Shiku, pasta akiwa katikati ya maombi. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Mkeo akanipitishia bila kunitazama, nami nikatoka pale kaburini, nikasimama kando ya viazi vya jirani, nikawa namwelezea karani wa kituo cha maziwa jinsi ya kuzima kompyuta na kuiwasha upya. Niliporudi walikuwa wanamalizia kufukia. Sikukutupia hata konzi moja ya mchanga. Aki, hiyo haijanitoka.

Tangu siku hiyo ni mimi. Mizani ya Dundori ikigoma, ni mimi. Mkulima akileta maziwa na ujumbe wa kilo zake usifike kwa simu, ni mimi. Mwenyekiti wa ushirika wetu wa maziwa akisahau neno lake la siri, na unajua anavyolisahau, ni mimi. Chebet yupo, yule msichana uliyemleta kutoka Molo, ana akili na ana mikono, lakini nani anampigia Chebet? Hukuwahi kumpa mtu namba yake. Mtu akitaka asaidiwe na yeye ulisema, "Wacha hiyo, nitaishika mwenyewe." Nami nikajifunza kusema vivyo hivyo, kwa sauti yako kabisa.

Sasa sikia. Ushirika ulinunua seva mpya, ile uliyoililia miaka yote, yenye prosesa nyingi. Tukahamishia humo mashine pepe yetu, ile kompyuta ya programu tu inayoishi ndani ya seva na kupokea kilo za maziwa kutoka vituo vyote. Chebet akaongeza foleni za kadi yake ya mtandao, pale data inapongoja zamu, ili kila prosesa iwe na foleni yake ya kuhudumia. Kazi safi. Lakini asubuhi, maziwa yakiingia kutoka kila kona, mashine ikawa inatambaa. Ujumbe wa alfajiri unafika mchana. Wakulima wakaanza kusema tunawaibia. Simu yako ililia hadi ikawa moto mkononi.

Mwenyekiti akasema seva ni mbovu. Mimi nikasema ni waya. Tukabadilisha waya, wapi! Ni Chebet aliyesema tuangalie kengele.

Wewe ndiye uliyeziita hivyo, kengele: ile ishara ambayo kadi huipigia prosesa kuiambia kuna mzigo umefika kwenye foleni, njoo uchukue. Tukafungua orodha yake kwenye skrini. Badala ya kengele moja kwa kila foleni, kulikuwa na moja tu ya foleni zote. Prosesa moja ilikuwa inachemka, zingine zimekaa tu kama wageni wanaongoja chakula.

Ukweli ni kwamba kadi ya mashine pepe si chuma, ni programu inayojifanya kadi, na idadi ya kengele zake huandikwa kwa mkono upande wa nje, kwenye seva yenyewe. Chebet aliongeza foleni. Kengele zikabaki zile chache za zamani. Draiva, ile programu inayoiendesha kadi, ikaomba moja kwa kila foleni, ikanyimwa. Na draiva haigomi. Ilichukua ilizoweza kupata: moja ya kuambiwa mipangilio ikibadilika, na moja ambayo foleni zote zinagawana. Hiyo ikilia, draiva haijui ni foleni gani imeita, kwa hivyo inazizunguka zote, inachungulia hii, inachungulia ile, hata kama ni moja tu iliyokuwa na mzigo. Kila kitu kinafika. Kinafika kimechelewa, na anayekibeba ni mmoja.

Bila shaka wewe ulikuwa ukibadilisha vyote viwili pamoja, foleni na kengele. Chebet hakujua. Mimi sikujua. Tungejuaje, na kila mara ilipofika hapo ulikuwa unaishika mwenyewe, sisi tukitumwa chai?

Nilicheka, halafu nikalia mbele ya Chebet bila aibu. Nisamehe, lakini nilikuona wewe pale. Simu moja, vituo vyote, na wewe mbio Dundori, mbio Bahati, hata kama ni mtu mmoja tu aliyekuwa na shida. Hukulalamika hata siku moja, na sisi tukadhani uko sawa.

Maziwa yalipokwisha kupokelewa tukazima mashine, Chebet akaongeza kengele, tukaiwasha. Asubuhi iliyofuata kila foleni ilikuwa na yake, na ujumbe ukawa unafika kabla mkulima hajafunga mkebe. Mwenyekiti akanipongeza mimi. Nikamwambia ni Chebet. Akasema, "Sawa, lakini ikiharibika tena nitakupigia wewe."

Hapo nikakata maneno. Nimemwambia hapana. Dundori na vituo vyote vya juu ni vya Chebet, na namba yake imebandikwa kwenye kila mizani. Vya huku chini ni vyangu. Jumapili tunapokezana. Mwenyekiti ameonyeshwa jinsi ya kubadilisha neno lake la siri mwenyewe, na amenuna. Simu yako nimeizima nikampelekea Mama Shiku. Aliigeuza geuza mkononi, akasema, "Haya, mke mwenza amerudi nyumbani." Tukacheka hadi machozi, yake na yangu.

Usidhani nimeacha kukupenda. Karibu yote ninayojua kwenye kazi hii ulinifundisha wewe, na bado kuna siku nafungua mdomo kukuita nikiwa na swali. Lakini ulipaswa kugawa, Baba Shiku. Ungegawa, ungekuwa hapa sasa, unanikemea kwa kuandika maneno mengi. Hilo limekataa kumezeka.

Pumzika, hakuna anayekupigia. Kazi yako nitaifanya kwa moyo wote, ila si kwa njia yako. Nesi anataka nirudi wiki ijayo apime tena, na nitaenda. Na nakuahidi jambo moja ambalo wewe hukunifundisha: nitazeeka.

Fundi wako,
Wambui