Siku Niliyomwangusha Dhutiye

Bulla Iftin,
Garissa.
14 Agosti 1999

Mpendwa Abti Kerrow,

Nilimaliza mchezo, Abti. Aabo aliniambia nimalize, akageuka akaenda zake, na mimi badala ya kumfuata nikakaa nikamaliza. Hooyo hajui. Dada yangu Ramlo hajui, na yeye hujua kila kitu. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Samahani, nimeanza kwa mkia. Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mgongo wako unaendeleaje? Ulituandikia kwamba unakusumbua ukishuka kwenye lori, na Hooyo anauliza kama yale mafuta ya simsim yalikufikia au dereva aliyapikia. Mto Daua bado una maji? Mama Fosia hajambo? Na Fosia mwenyewe? Ayanle mwanao nitamfikia mbele, maana barua yako ilikuwa ya habari zake.

Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Hooyo ameanza tena kuuza maziwa sokoni. Mbuzi wa nyumbani amezaa pacha, na Ramlo anamlaza mmoja kwenye shuka lake, Hooyo akigomba kila asubuhi. Shule imefungwa. Kiswahili nilipata alama nzuri za kuandika. Kusoma kwa sauti ndiko kunaniangusha: "pete" inanitoka "bete", mwalimu anacheka, darasa zima linacheka, na wao wenyewe wote wanasema "bete". Nikishachekwa hivyo sisemi tena mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kisomali sikufundishwa kukiandika, ila wewe mjomba wangu unabaki Abti, na baba na mama wanabaki Aabo na Hooyo. Kiingereza nacho, nikikitumia kwa mambo ya nyumbani naona kama nimevaa viatu vya mtu mwingine.

Sasa swali lako. Unasema Ayanle anashinda kwenye banda la gemu huko Mandera, anaitwa kula haji, anaitwa swala anakuja amechelewa, na ukamuuliza kuna nini ndani ya kile kioo akakujibu "hakuna kitu." Ukaona uniulize mimi, kwa kuwa umesikia mimi ni kijana mtulivu. Abti, umemuuliza fisi habari za mbuzi.

Banda letu liko nyuma ya maduka ya nguo. Juu ni bati, mlangoni kumetundikwa gunia, jenereta inanguruma nje. Gemu ziko nyingi, za mpira na za magari, lakini hizo zinachezwa na watoto wadogo. Sisi tunacheza moja tu. Jina lake limeandikwa kwa herufi ambazo hata mwenye banda hazijui, kwa hivyo tunaiita Dagaal, yaani vita. Ilikuja Dagaal ya kwanza, ikaja ya pili, na mwaka huu ya tatu. Watu wawili wanapigana mpaka mmoja aanguke. Basi. Ukiiona utasema ni upuuzi. Hooyo alisema hivyo bila hata kuiona.

Lakini si ngumi zinazotuvuta. Ni kwamba una mtu wako. Wapiganaji ni wengi, na kila kijana anachagua mmoja na kukaa naye. Vidole vinamzoea. Unajua akiruka atatua wapi, unajua anachoka lini. Ikija Dagaal mpya, kabla ya kitu chochote unamtafuta: yupo? Hawajamtoa? Ukimwona amezeeka kidogo, au amevaa nguo nyingine, moyo unaruka. Halafu unabonyeza vitufe vile ulivyozoea na yeye anakuitikia vilevile, kama ngamia aliyepotea kiangazi kizima na bado anaijua sauti yako. Ayanle ukimwambia aache gemu, yeye anasikia umemwambia amtupe mtu.

Na kwangu mimi kulikuwa na jingine: mle ndani hakuna anayeambiwa asome kwa sauti.

Majina ya wapiganaji hatuyawezi, tukawapa ya kwetu kama tunavyopeana sisi wenyewe. Yule mfupi ni Gaab. Mwenye macho madogo ni Indho-yar. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye joho la kijivu, anayeburuta mguu wa kushoto. Hakuna aliyemchagua, kwa kuwa ni mzito, teke lake linafika wakati adui ameshahama. Siku moja wavulana walikuwa wakibishana wamwite nani. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, karibu na gunia, kama kawaida yangu. Neno likanitoka.

"Dhutiye," nikasema. Anayechechemea.

Wewe unajua Garissa hii ni nani anaitwa Dhutiye. Tangu ngamia alipomwangukia Aabo gotini wakimpakia kwenye lori, soko zima la mifugo limesahau jina lake la kuzaliwa. "Dhutiye, njoo umwone fahali huyu!" Naye anaitika, anakwenda. Kwetu jina kama hilo si tusi, ni alama tu ya kumjua mtu. Lakini wapo wasioweza kulitamka, nao ni watoto wake. Tukiulizwa njiani, "Wewe si wa Dhutiye?" tunaitika kwa kichwa. Mdomo haulisemi. Hata Ramlo mwenye mdomo wake.

Mimi nililisema. Na banda likacheka!

"Waryaa, bubu amesema!" Gelle akapiga makofi, huyu Gelle ninayekaa naye dawati moja. Kila mtu akageuka kuniangalia, na kwa mara ya kwanza nilisema neno watu wakacheka wakiwa upande wangu. Nilikipenda kicheko kile, Abti. Naona haya kukiandika, lakini nilikipenda, na usiku nilikikumbuka tena.

Labda kwa kujitakasa, kesho yake nikamchukua yeye awe mtu wangu. Nikagundua wengine hawakumwelewa. Mguu ule hautaki haraka. Wenzangu wanabonyeza bonyeza kama wanaotwanga, lakini Dhutiye unasubiri. Unavumilia kupigwa, unasubiri, na teke lake likifika mara moja basi mambo yamekwisha. Nikaanza kushinda. Ilipokuja Dagaal ya pili nilimkuta amepata mvi, na nikashinda zaidi. Kuna namna anavyojishika goti akingoja raundi ianze, ni Aabo mtupu akingoja mnunuzi aongeze bei. Nilimpenda kwelikweli.

Dagaal ya tatu ilifika na basi la Nairobi mwezi uliopita. Banda lilijaa mpaka watu wakasimama juu ya ndoo. Gelle aliwahi badi, yaani kile kishikio chenye vitufe, na kabla sijakaa akamchagua mzee wa joho.

"Mwache," nikamwambia, "huyo ni wangu."

"Wako kivipi? Amekuzaa?"

Abti, kicheko cha siku hiyo hakikuwa upande wangu. Masikio yalinichoma. Nikamchukua Indho-yar, ambaye simpendi, na nikaanza kumpiga Dhutiye. Hakuna anayejua udhaifu wake kama mimi. Nilimpiga mguu uleule, mara kwa mara, Gelle asijue afanye nini. Nikasimama. Mimi nisiyepaza sauti nikapiga kelele kwa Kisomali, jenereta yenyewe nikaishinda:

"Anguka, Dhutiye! Anguka na mguu wako mbovu!"

Mwanga ukaingia. Mtu alikuwa ameinua gunia.

Alikuwa Aabo. Baadaye nilijua kilichomleta. Mnunuzi wa bara alikuwa amekuja sokoni, na Aabo Kiswahili chake ni cha kuhesabu ng'ombe tu. Likizo zote mimi ndiye humsemea. Ni kazi pekee ya kusema ninayoiweza, kwa kuwa maneno ni yake, mimi nayapitisha tu. Alikuja kunichukua nikamsemee.

Aabo aliangalia kioo, akamwona yule mzee mwenye mguu. Akaniangalia mimi niliyesimama na badi mkononi. Gelle aliweka yake chini taratibu kama mtu aliyeshika yai.

"Maliza mchezo wako," Aabo akasema. Akaliachia gunia.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekukaribisha chai.

Nilizisikia hatua zake zikienda. Ningeweza kumfikia kabla hajapita duka la kwanza, maana yeye hakimbii. Nikageuka kwenye kioo. Dhutiye alikuwa amesimama pale anajishika goti, anasubiri, na hakuna aliyekuwa anamwongoza. Hata hakujikinga. Nikabonyeza mpaka akaanguka. Kioo kikaandika kwamba nimeshinda, na hakuna aliyeshangilia.

Ndiyo hivyo. Uliuliza kuna nini mle ndani, na hili ndilo ninalolijua. Dakika ile mkono wangu haukujua kama nje ya kioo kile kuna mlango.

Nilipofika sokoni mnunuzi alikuwa ameshakwenda na ng'ombe wa mtu mwingine. Aabo hakunipiga. Hakunigombeza, na Hooyo hakumwambia. Ila tangu siku hiyo haniambii kitu mimi mwenyewe. Tukiwa tumekaa sinia moja anasema, "Ramlo, mwambie ndugu yako chai inapoa." Na Ramlo, ambaye anadhani ni mchezo, ananigeukia: "Kaka, chai inapoa." Kisha kwa Aabo: "Amesikia." Hooyo anacheka. Mimi nakunywa chai.

Hilo ningelivumilia. Lakini juzi nilipeleka maziwa ya Hooyo sokoni nikaona kitu. Rafiki yake alimwita kutoka upande wa mbuzi, "Dhutiye! Waryaa, Dhutiye!" na Aabo hakugeuka. Akaitwa tena. Akajifanya anaangalia meno ya fahali. Jina ambalo soko zima limemwita miaka yote na hajawahi kulikasirikia, mimi nimeliharibu.

Bandani sijaenda tena. Usiniandikie kwamba nimetubu, sijui kama nimetubu; vidole bado vinamtafuta hata nikishika kijiko. Gelle alikuja kuniita nje ya ua. "Mohamedamin! Dhutiye anakuulizia!" Maskini, hakukusudia. Nilijificha nyuma ya tangi la maji mpaka akachoka.

Kesho alfajiri Aabo anakwenda Hulugho kuchukua ng'ombe. Kila likizo tunakwenda pamoja, mimi juu ya lori na yeye mbele. Siku moja kabla huwa anasema, "Mohamedamin, tafuta shuka lako." Leo hajasema, na Ramlo hajatumwa kuniambia. Akienda peke yake kesho, Abti, naona atazoea. Nami nitazoea.

Nimejaribu kumwomba msamaha. Nimekwenda mpaka kwenye pazia la chumba chake nikarudi. Tatizo ni hili: siwezi kumwambia nilichofanya bila kulitaja lile jina, na siwezi kulitaja mbele yake. Nikisema "lile neno," atadhani naona aibu kwa sababu ya mguu wake. Nikinyamaza, atadhani nilimwita hivyo kwa kumdharau. Na kwamba nilimchagua yeye miaka yote hii, nikamsoma, nikashinda kwa subira yake, hilo nalo haliwezi kutoka bila jina. Karatasi haina haya kama mdomo. Hapa nimeliandika na mkono haukukatika.

Kuhusu Ayanle, mimi si wa kumshauri mtu, lakini umeuliza. Usimwite kutoka mlangoni. Ingia, Abti, hata kama mgongo unauma. Kaa kwenye benchi, umuulize mtu wake ni yupi na anapigana vipi. Atakuonyesha. Halafu mwambie chakula tayari, uone kama hatainuka.

Nisalimie Mama Fosia sana. Fosia mwambie Ramlo ametengeneza mwanasesere mwingine na anamwekea. Ayanle mpe mkono wangu, na asijue nimekuandikia nini. Mungu akupe nafuu ya mgongo, awape mvua yenye majani na si yenye mafuriko, na akipenda atukutanishe wote tukiwa tunaangaliana usoni.

Tangu swala ya adhuhuri naandika hii, na kila anayepita naisukuma karatasi chini ya mkeka. Nimemficha Ramlo, nimemficha Hooyo, nimemficha hata mbuzi.

Sasa nasikia hatua uani. Moja inakanyaga, ya pili inaburuta changarawe. Haziendi kwenye chumba chake, zinakuja huku. Mkono umeshaushika ukingo wa mkeka.

Nauachia. Karatasi iko wazi, na jina limejaa humo. Yeye Kiswahili hakisomi. Akiuliza naandika nini, itabidi nimsomee kwa Kisomali, kwa sauti, yote, na lile jina nalo.

Mpwa wako akupendaye, uniombee,

Mohamedamin Dakane